Shajara ya mradi: kumaliza kelele ya valvu kwenye ringi nene

Jumamosi jioni

Naanza kuandika hii ili niwe na kumbukumbu ya kila ninachojaribu, maana hii kelele nimeivumilia muda mrefu na sasa nataka iishe kabisa, sio ipungue. Baiskeli ni ya racing, ya mtumba, imekuja na kontena kutoka Ulaya, na magurudumu yake sio pacha. Mbele kuna ringi nene ya kaboni yenye kina cha milimita 50, nyuma kuna ringi ya alumini ya kina cha 30 hivi ambayo naona kabisa ilitoka kwenye baiskeli nyingine. Kila nikitoka Tegeta, hapa Dar, alfajiri kwenda upande wa Bagamoyo, lami ikiwa laini inasikika kwa mbali tu, ila nikigusa rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo vya kupunguza mwendo), au nikifika vile vipande vya lami ya kokoto kuanzia Bunju kuelekea Mapinga, mbele inaanza kre-kre-kre na nyuma inajibu kwa sauti nzito zaidi. Tukipanda kwa kundi watu wanaokaa nyuma yangu wanaisikia kabla yangu. Leo dada mmoja wa kundi letu kaniuliza kama nna spoki imekatika, yaani kwa heshima kabisa, na alikuwa na haki ya kuuliza maana mtu aliyebana nyuma ya gurudumu lako maisha yake yako kwenye baiskeli yako.

Kuna wanaosema hiyo ni kelele tu, haina madhara, weka muziki masikioni uendelee. Mi siko huko. Baiskeli kimya ndo inayokwambia kitu kinapoanza kuharibika, spoki ikilegea unasikia, gololi zikikauka grisi unasikia, cheni ikitaka mafuta unasikia. Ukizoea kelele moja ya kudumu unakuwa umezoea kutosikiliza zote, na hiyo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye kushuka mi naiona hatari ya kweli.

Kwahiyo mradi ndo huu. Kwanza nihakikishe kelele inatoka wapi, alafu nipime, alafu nijaribu dawa moja baada ya nyingine kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa mjini, bila kuagiza nje.

Jumapili

Nimepita kwa fundi wangu pale karibu na stendi, mzee ambaye ndo ananikazia spoki siku zote. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, leo ina nini tena. Nikamnyanyulia mbele, akalizungusha gurudumu kwa nguvu, akasikiliza, akasema gololi hizo, tufungue habu, kile kitovu cha gurudumu, tutie grisi mpya. Nikamwomba mzee tulizungushe polepole kwanza. Akalizungusha polepole, kimya, kimya, tik, kimya, tik. Akainamisha sikio. Akarudia. Akasema hii inadondoka mara mbili kwa mzunguko, gololi hazifanyi hivyo.

Na hapo ndo penyewe. Mrija wa valvu unatoka kwenye tyubu, unapita ndani ya ringi, unachomoza kuelekea katikati ya gurudumu. Gurudumu likizunguka polepole kuna wakati mrija unakuwa umelala, ukiwa upande wa mbele wa gurudumu unaegemea ukuta mmoja wa tundu, ukizunguka mpaka upande wa nyuma unaegemea ukuta wa pili. Kwahiyo kila mzunguko unabadilisha upande mara mbili, na kila ukibadilisha unagonga. Tairi ya 700 kwa 25 mzunguko wake ni kama mita 2.1, maana yake ukisukuma baiskeli kwa mguu unasikia tik kila baada ya mita moja hivi. Ukiwa mwendo wa 30 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 4 kwa sekunde, na hapo tena hausikii tik tik, ule mtikisiko wa barabara ndo unaupigisha mrija huku na huku ovyo na inageuka kuwa ile kre-kre.

Mzee akalisimamisha gurudumu, akaushika ule mrija kwa kidole kimoja akautikisa. Tik. Ndo sauti yenyewe, hakuna ubishi. Hata hivyo tuliendelea kuondoa washukiwa wengine maana kwenye valvu peke yake kuna vitu kadhaa vinavyoweza kulia. Tulitoa kile kifuniko cha plastiki cha juu, kelele ipo. Tulikaza kale kanati kadogo ka juu ambako unakafungua ukitaka kujaza upepo, kelele ipo (kakiachwa wazi kanacheza na kanaweza kuachia upepo, kwahiyo kaza kila mara). Kile kiini cha ndani kinachofunguka tulikigusa na koleo ndogo, kilikuwa kimekaza vizuri. Tulitikisa gurudumu zima hewani kusikiliza kama kuna chembe ya chuma au nipo ya spoki (kale kanati kanakoshika spoki kwenye ringi) imedondokea ndani ya ringi, hiyo ingekuwa na sauti ya kitu kinachobiringika, haikuwepo. Mwisho tukachukua tepu ya karatasi ya wapaka rangi tukaufunga mrija kwa muda pale unapotokea kwenye ringi. Zungusha polepole. Kimya kabisa.

Nyuma tukafanya hivyo hivyo, ikanyamaza pia. Kwahiyo magurudumu yote mawili ugonjwa ni mmoja, ila sauti tofauti, na mzee kasema nyuma tundu lake analiona kubwa kuliko kawaida.

Jumatatu usiku

Nimeazima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwa jamaa yangu anayechonga vyuma. Vipimo:

Mrija wa valvu nyembamba, hii ya Presta, kwa nje ni milimita 6. Tundu la ringi ya mbele ni 6.5, ndo kipimo cha kawaida cha valvu hizi. Kwahiyo kuna nafasi ya nusu milimita, robo huku robo kule. Hiyo robo ndo inayopiga kelele yote ile.

Tundu la ringi ya nyuma ni 8.5. Hili ni tundu la valvu ya Schrader, ile ya kama gari na pikipiki, ambayo mrija wake ni 8. Aliyekuwa na hii ringi kabla yangu aliweka tyubu ya valvu nyembamba kwenye tundu pana, kwahiyo kuna nafasi ya milimita 2 na nusu, yaani mrija unacheza mzima mzima. Na hapa sio kelele tu, tyubu yenyewe kule chini kwenye shina la valvu inaweza kusukumwa na upepo ikajipenyeza kwenye hiyo nafasi na kupasuka, kwahiyo ya nyuma imepanda daraja kutoka kero kuwa usalama.

Nimekaa nikafikiria kwanini zile Phoenix na Hero za wauza mkaa hazilii hivi pamoja na mizigo yote ile na barabara zile. Ringi yake ni ya chuma, ukuta ni mmoja tu. Valvu yake ni ile fupi ya Woods, ya kale kampira kembamba kanakovalishwa ndani, mrija mnene wa 8, una uzi na una nati ya kubana kwenye ringi. Mrija unapita kwenye tundu moja, na hilo tundu liko pale pale kwenye shina la mrija ambako raba ya tyubu imeushikilia. Hakuna mkono mrefu wa kuchezacheza.

Ringi nene ni kinyume. Ina kuta mbili, moja chini ya tyubu na nyingine ndani upande wa spoki, na kati yao kuna uwazi. Mrija umeshikwa na raba kwenye ukuta wa kwanza, alafu unasafiri sehemu kubwa ya kina cha ringi ukiwa huru, ndo unakutana na tundu la pili. Raba ya shina ikijipinda kidogo tu, kule mwisho mrija unatembea sana. Na juu yake kaboni ni ukuta mwembamba, tumbo tupu, linavuma kama debe. Ndo maana mtu akitoka ringi za kawaida akaingia ringi nene anadhani kanunua tyubu mbovu, wakati ni tyubu ile ile imewekewa mrija mrefu.

Kitu kingine nimekijaribu hapa hapa ndani, nimepunguza upepo wa mbele kutoka PSI 90 (kipimo cha presha ya upepo) mpaka kama 40 nikazungusha. Kelele imeongezeka waziwazi. Upepo ukiwa mwingi unalikandamiza shina la valvu kwenye ringi na mrija unasimama imara zaidi. Kwahiyo ukianza kusikia valvu inalia kuliko jana, kabla ya yote pima upepo, labda una pancha ya polepole.

Jumatano

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu anaitaja: nati. Tyubu nyingi za valvu nyembamba zinakuja na kanati ka mviringo, mrija una uzi, unakashusha mpaka kwenye ringi. Zingine mrija wake ni laini hauna uzi na hapo nati haipo kabisa.

Nimeijaza mbele mpaka 90, nimeshusha nati kwa vidole mpaka ikagusa ringi basi. Nimezunguka mtaani. Kimya kwa muda, alafu kabla sijarudi nyumbani nati yenyewe ilikuwa imelegea kwa mtikisiko na sasa kulikuwa na vitu viwili vinalia, mrija na nati. Nimekaza zaidi kidogo kwa vidole, imekaa muda mrefu zaidi, alafu ikalegea tena.

Najua kinachofuata kwa watu wengi ni kuchukua koleo. Mzee alinionyesha tyubu moja kwenye lile rundo lake ya mteja aliyefanya hivyo. Pale shina la mrija linapoungana na raba kuna mpasuko wa nusu duara, ukiikunja raba kwa kidole unaona shaba inang'aa ndani. Nati ikikazwa kwa koleo inauvuta mrija, raba ya shina inaingizwa kwenye tundu kwa nguvu, na kingo za tundu zinaikata taratibu. Alafu tairi ikiwa na upepo mdogo na ukishika breki kwa nguvu, tairi na tyubu vinateleza kidogo kuzunguka ringi wakati mrija umefungwa hauwezi kufuata, basi unachanika. Ukiona mrija umelala upande badala ya kusimama wima kuelekea habu, tairi imeteleza, toa upepo uinyooshe kabla haijakata. Na mpasuko wa shinani haukubali kiraka, solusheni haishiki pale penye kona na chuma, tyubu hiyo ni ya kutupa au kukatia raba.

Kwahiyo msimamo wangu kuhusu nati ni huu, nati kazi yake ni kuushika mrija usirudi ndani wakati unabandika pampu. Sio dawa ya kelele. Jaza upepo kwanza, alafu ishushe mpaka iguse kwa vidole, inatosha.

Ijumaa

Tepu ya umeme. Hii ina namna mbili na nimejaribu zote kwenye gurudumu la mbele.

Namna ya kwanza ni ya haraka, unabandika kipande cha tepu juu ya tundu kwa nje, upande wa spoki, unatoboa katundu kadogo kuliko mrija, alafu unaingiza mrija kutokea ndani na tepu inajivuta kuuzunguka. Inatuliza mrija katikati ya tundu. Uzuri wake ni kwamba inachukua dakika chache, na ikichakaa unabandua unabandika nyingine. Futa ringi kwa spiriti kwanza, maana ikiwa na vumbi au mafuta ya cheni inabanduka.

Namna ya pili ni kuuvisha mrija wenyewe. Hapa hesabu inasaidia, tepu ya umeme unene wake ni kama milimita 0.13. Nafasi ni robo kila upande. Mzunguko mmoja unajaza nusu ya nafasi, mizunguko miwili inafanya 0.26 kila upande, yaani inabana kabisa. Muhimu ni kuiweka pale pale mrija unapopita kwenye tundu la nje, sio chini sio juu. Nilichofanya, nilivalisha tyubu na tairi kama kawaida, nikaweka alama kwa maka peni pale mrija unapotokea kwenye ringi, nikatoa, nikazungushia tepu kuanzia milimita 5 chini ya alama mpaka 5 juu yake. Uelekeo wa kuzungusha uwe ule ambao ukija kuzungusha nati haitaifungua tepu. Ukiingiza unasikia kwa mkono kwamba mrija sasa unateleza kwa kubana badala ya kudondoka tu.

Nimezungusha, nimetikisa, nimedundisha gurudumu chini. Kimya. Kesho nalipeleka barabarani.

Jumamosi

Nimetoka na giza, Tegeta, Boko, Bunju, nikaenda mpaka Kerege nikageuza. Kwenye rasta za kwanza nilikuwa nasubiri ile kre-kre na haikuja. Nimesikia tairi kwenye lami, na upepo, na kumbe kengele yangu nayo ina kaskrubu kamelegea ambako sikuwahi kukasikia. Yaani furaha niliyoipata hapo siwezi kuificha.

Ila kurudi jua lilikuwa limepanda, nikasimama kunywa dafu, baiskeli ikabaki juani. Nilipofika nyumbani nikafungua gurudumu kuangalia. Gundi ya tepu imeyeyuka, imetoka pembeni imekuwa utelezi mweusi kwenye uzi wa valvu na mdomo wa tundu, na tepu yenyewe imesogea juu ikaacha sehemu ya mrija wazi. Bado ilikuwa kimya lakini naona kabisa haina maisha marefu. Kwenye jua la Dar ringi nyeusi inachemka kiasi kwamba huwezi kuishika muda mrefu, na gundi ya tepu ya bei rahisi haijatengenezwa kwa hilo. Mtu wa Lushoto au Njombe labda itamkalia mwaka mzima. Huku pwani naiweka kama dawa ya dharura, sio ya kudumu.

Jumapili, gurudumu la nyuma

Hili nimelipa siku yake peke yake kwa sababu ya lile tundu la 8.5. Madukani nje ya nchi kuna vipete vidogo maalumu vya kupunguza tundu kutoka 8.5 kwenda 6.5, nimeuliza Kariakoo kwenye maduka ya spea za baiskeli, hawana, wananionyesha tyubu ya valvu nene. Na kusema kweli hilo ni jibu sahihi kwa mtu ambaye hajali, nunua tyubu ya Schrader iingie kwenye tundu lake, mwisho wa habari. Mi nataka pampu yangu ndogo ninayobeba, ambayo kichwa chake ni cha valvu nyembamba tu, itumike kwa magurudumu yote mawili.

Mpira wa petroli wa pikipiki. Nimenunua kipande kwa muuza spea za bodaboda, wenye tundu la ndani milimita 5 na unene wa nje 8. Nimechagua huo makusudi. Ukiuvisha kwenye mrija wa 6 unatanuka, na hesabu inatoa unene wa nje kama 8.6 au 8.7, yaani umezidi tundu kidogo sana, kiasi cha kuingia kwa kusukuma na kubana wenyewe. Ukichukua ule wa nje 9 hautaingia, utaishia kuulazimisha na kuukunja.

Nimekata urefu wa milimita 25 hivi kwa wembe mpya, kata lazima iwe imenyooka maana upande mmoja unakaa dhidi ya shina la tyubu na kona yoyote kali pale itakula raba. Kabla ya kuuvisha nimepitisha msasa laini kwenye kingo za tundu la ringi, lile la upande wa tyubu, kulikuwa na makali ya wakati wa kutoboa ambayo unayasikia ukipitisha ukucha. Hii ni ringi ya alumini kwahiyo msasa hauna shida. Ringi ya kaboni mi sipitishi msasa wala tupa, unaweza kuanzisha ufa kwenye nyuzi zake na vumbi lake sio la kuvuta.

Alafu nimepaka maji ya sabuni kidogo kwenye mpira, nimevisha mpaka ukakaribia shina, nimeingiza mrija kwenye ringi kwa kuzungusha kidogo kidogo. Umeingia ukibana kuta zote mbili. Nimevalisha tairi, nikajaza upepo kidogo, nikausukuma mrija ndani kwa dole gumba alafu nikauacha urudi, ili nihakikishe tyubu haijabanwa na tairi pale kwenye valvu, ndo nikajaza mpaka mwisho.

Huwezi kuutikisa. Hata ukitaka. Ule mrija sasa ni kama umezaliwa na ringi, na nyuma kumekuwa kimya kuliko mbele. Kwa ugonjwa uliokuwa mkubwa kuliko wote dawa imekuwa rahisi kuliko zote, kwa sababu penye nafasi kubwa unaweza kuweka mpira wa kweli. Penye robo milimita ndo kuna kazi.

Jumanne

Narudi mbele. Tepu ya umeme nimetoa, gundi nimeisafisha kwa petroli kidogo kwenye kitambaa, kwenye uzi wa valvu tu, sio kwenye raba ya tyubu maana petroli inaila.

Nimejaribu ile mipira myembamba ya mafundi wa elektroniki inayonywea ikipata moto. Baada ya kunywea ukuta wake bado ni mnene kuliko robo milimita, haukuingia kwenye tundu la 6.5. Kwa mtu mwenye tundu lililochakaa likafika 7 hivi naamini itamfaa sana, ni safi na haina gundi.

Nimejaribu pia washa ya raba ya tyubu chakavu. Fundi viatu wa pale kona kanisaidia na kile chuma chake cha kutobolea mikanda, tumetoboa tundu la milimita 4, alafu nimekata duara kubwa kama shilingi mia kulizunguka. Unalivuta kwa nguvu mpaka linapita kwenye kichwa cha valvu, unalishusha mpaka kwenye ringi kwa nje. Kwa kuwa tundu lake ni dogo kuliko mrija linaung'ang'ania, na halitembei hata kama hakuna nati. Hii kwa tyubu zenye mrija laini usio na uzi naona ndo mwisho wa mambo, na haina gharama. Kwangu ilipunguza kelele sana ila haikuimaliza kwenye rasta, maana inakaa juu ya tundu, haiingii ndani yake, na ringi yangu pale ina mteremko kwahiyo raba inagusa upande mmoja zaidi.

Alhamisi

Tepu nyeupe ya mafundi bomba. Sijui kwanini sikuona mtu akiitaja mapema. Ni nyembamba sana, zile za kawaida ni kama milimita 0.075, haina gundi kwahiyo hakuna cha kuyeyuka, na joto la jua kwake sio kitu. Ukiizungusha kwenye mrija wenye uzi huku unaivuta inazama kwenye meno ya uzi na kung'ang'ania pale. Nimezungusha mizunguko kadhaa mpaka mrija ukaingia kwenye tundu kwa kubana kidogo, kwa kipimo cha mkono, sio cha kalipa, maana tepu hii inabonyea. Kwenye mrija laini haifai, inateleza yote inatoka kama soksi, kwahiyo hii ni ya mrija wenye uzi tu.

Juu yake, kwa nje, nimeweka oringi, yaani pete ya raba. Zile ndogo za koki za maji, tundu la 5, inavutika kwenye mrija wa 6. Nimejaza upepo mpaka 90, nimeisukuma oringi mpaka mdomo wa tundu, alafu nimeshusha nati kwa vidole mpaka ikaigandamiza oringi kidogo, unaona tu inaanza kutanuka. Oringi ni ya mviringo kwahiyo inajikita kwenye mdomo wa tundu pande zote sawa, hata kwenye mteremko. Na nati sasa inakandamiza kitu kinachobonyea na kurudi, haikutani na kaboni kavu, ndo maana hailegei kwa mtikisiko kama mwanzo, na haihitaji nguvu inayoweza kuuvuta mrija.

Kwahiyo tepu inajaza nafasi, oringi inashika katikati, nati inaizuia oringi isirudi. Nati peke yake nilishaona mapungufu yake.

Jumapili

Nimeenda mpaka Bagamoyo mjini na kurudi, na safari hii nimeiacha baiskeli juani makusudi wakati tunakula. Rasta zote, kokoto zote, lile daraja lenye viungo vya chuma. Hakuna kitu. Yule dada aliyeniuliza kuhusu spoki kakaa nyuma yangu kipande kirefu, tulipobadilishana nafasi kasema kaka leo umebadilisha gurudumu? Nimemwambia tepu ya bomba na oringi. Kataka kuona, tukasimama, nikamwonyesha, na yeye kanionyesha valvu yake, ina kile kirefusho cha kuongezea mrija mfupi ufike nje ya ringi nene. Kinalia pia, na chake kina viungo viwili vya kulia, pale kinapoungana na valvu na pale kinapopita kwenye tundu. Tumekubaliana kwanza atoe, azungushe tepu nyeupe kwenye uzi wa kiungo, hiyo inaziba na upepo pia, akaze vizuri, alafu kwenye tundu afanye kama nilivyofanya mimi. Akibadilisha tyubu nimemshauri anunue yenye mrija mrefu wa kutosha, kwa ringi ya 50 mrija wa 80 unabaki nje vizuri na pampu inashika. Wa 60 unafika ila kwa shida, baadhi ya vichwa vya pampu havipati pa kukamata.

Nyumbani nimefungua mbele kukagua. Tepu ipo pale pale kwenye alama, imebonyea upande mmoja kidogo, oringi haina mkwaruzo, shina la tyubu halina alama yoyote. Mpira wa nyuma sijaugusa.

Jumatatu

Kimebaki kitu kimoja ambacho nimekifikiria jana njiani. Dawa yote hii iko kwenye tyubu, sio kwenye ringi. Siku nikipata pancha Kerege nikabadilisha na tyubu ya akiba, narudi nyumbani na kre-kre ile ile, na kwa nyuma narudi na lile tundu la 8.5 likiwa wazi, jambo ambalo silitaki kabisa.

Kwahiyo leo nimeandaa tyubu mbili za akiba. Ya mbele, mrija wa 80, nimeupima kwa ule wa zamani nikahamisha alama ya maka peni, nimezungushia tepu nyeupe, nimevisha oringi na nati juu yake, alafu nimezungusha karatasi ya nailoni isivunjike tepu kwenye begi. Ya nyuma nimeikatia kipande kingine cha mpira wa petroli, milimita 25, nimekivisha kabisa mpaka karibu na shina. Nimeandika M na N kwenye raba kwa peni nyeupe. Nimezikunja mrija ukiwa nje ili usitoboe raba, zimeingia kwenye kibegi cha chini ya siti pamoja na vifaa vya kutolea tairi na pampu, na kaskrubu ka kengele nimekakaza.